Mwanza tunaomba hakimu mmoja na siku moja ya wiki

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu wa Tanzania, Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria, Mkurugenzi wa Mashtaka na Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa jijini Mwanza, mmoja wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kazi yangu ni kukaa na watu kwenye mabenchi ya mahakama: kuwasomea hati ya mashtaka kwa maneno wanayoyaelewa, kuwatafutia wadhamini, kuwapigia simu ndugu ambao wengine wameshachoka kupokea. Naandika kuomba jambo moja. Katika Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Mwanza itengwe siku moja ya wiki, mbele ya hakimu mmoja asiyebadilishwabadilishwa, kwa ajili ya washtakiwa ambao makosa yao yanatokana na uraibu au ugonjwa wa akili, ili mashauri yao yaende sambamba na matibabu.

Washtakiwa hao mnawajua, hata kama hamjawahi kukaa nao. Ni kijana aliyebeba usiku sufuria za mama ntilie wa Kirumba Mwaloni, akaziuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kabla jua halijachomoza sawasawa, na hela yote ikaishia kwenye kete ya unga, yaani heroini. Ni baba wa makamo anayevunja vioo vya magari Makoroboi kwa sababu sauti anazozisikia peke yake zimemwamuru. Ni mvuvi aliyerudi kutoka kambini na malipo ya siku zote za giza, zisizo na mbalamwezi, ambazo dagaa huvuliwa, akanywa gongo mpaka hajitambui, akampasua mwenzake kichwa kwa kasia.

Kinachofuata nacho mnakijua. Rumande, karandinga, kizimba. Upelelezi haujakamilika. Kesi inatajwa, inaahirishwa, inatajwa tena baada ya wiki mbili. Mwisho wake ni kifungo cha miezi michache, au mlalamikaji anachoka kuacha biashara yake kila mara na shauri linafutwa. Kijana anarudi mtaani. Maskani ni ileile, muuzaji ni yuleyule, na mwili wake unadai kilekile. Haupiti muda mrefu namkuta tena kwenye benchi, ananiamkia "shikamoo mama" kama tuliachana jana. Mahakama imefanya kila ambacho sheria inaitaka ifanye, lakini chanzo cha kosa hakuna aliyekigusa.

Naomba mnivumilie nieleze kidogo kuhusu siku za mwanzo za mtu huyu mikononi mwa dola, maana ndipo mambo mengi yanapoharibikia. Anayetumia heroini akikamatwa Ijumaa jioni, Jumamosi na Jumapili anazimalizia kituoni kwa kuwa mahakama hazikai. Arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa unga, inaanza ndani ya saa chache. Kutapika, kuharisha, jasho jingi kwenye chumba chenye baridi, mifupa kuuma kama inavunjwa. Jumatatu anaposimama kizimbani hawezi kusimama wima. Nimeona kijana akikemewa kwa kukosa adabu kumbe alikuwa anajizuia asitapike mbele ya mheshimiwa. Na lililo baya zaidi kisheria ni hili: mtu aliye kwenye arosto atakubali shtaka lolote utakalomsomea, mradi aondoke pale. Kukiri kwa namna hiyo kunaandikwa kwenye jalada kama kukiri kwa hiari, na hatia inajengwa juu yake.

Wapo pia waliokwisha kuanza dawa. Mwanza tuna kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure. Methadoni hunywewa kila siku, mbele ya muuguzi, na ndiyo inayomwezesha mtu kulala usiku bila kuwaza kete ya asubuhi. Mtu aliyejitahidi miezi mingi, akikamatwa leo kwa kosa la zamani au kwa sababu tu alikutwa amekaa na wenzake wa zamani, anakatika dawa. Akikosa siku kadhaa mfululizo, mwili umeshapunguza uzoefu wake, na wataalamu hawawezi tena kumpa dozi ileile bila kumpima upya kwa sababu inaweza kumuua. Na akitoka rumande akarudia unga kwa kiasi alichokizoea, hatari ni hiyohiyo. Nimewahi kumsindikiza mama mmoja mochwari. Kesi ya mwanawe ilikuwa ya simu moja ya mkononi.

Waheshimiwa, nchi yetu haishangai kusikia habari za mahakama maalumu. Wafanyabiashara walipolalamika kwamba migogoro yao inazeeka mahakamani, mwaka 1999 ilianzishwa Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu. Taifa lilipotaka kesi kubwa za rushwa zishughulikiwe na watu wanaozielewa, mwaka 2016 ikaundwa Divisheni ya Makosa ya Rushwa na Uhujumu Uchumi. Temeke kuna kituo kizima cha mashauri ya familia, ambako mjane hahangaiki tena kutoka ofisi hii kwenda ile kutafuta mirathi. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka Mahakama ya Watoto, ambako shauri linasikilizwa faragha na afisa ustawi wa jamii anaeleza mtoto huyu ametoka wapi na amepitia nini.

Hilo la watoto nalitafakari sana. Kijana wa miaka 17 akiiba kwa ajili ya unga, sheria inamtazama kama mtu anayeweza kurekebika na inadai ripoti ya ustawi wa jamii. Akitimiza miaka 18 wiki inayofuata, mazingira yake hayajabadilika hata kidogo, lakini hakuna tena anayelazimika kuuliza kwa nini.

Ninachokiomba wengine wamekijaribu kwa zaidi ya miaka 30, kwa hiyo tuna pa kujifunzia, mazuri na mabaya. Mwaka 1989 mahakama za Miami, Florida, zilikuwa zimefurika kesi za kokeini ya kuvuta. Majaji wa huko waliona watu walewale wakizunguka kati ya jela na mtaa, wakaanzisha mahakama ya kwanza ya dawa za kulevya. Mshtakiwa anayekubali anaingia kwenye matibabu, na kila baada ya muda mfupi anarudi mbele ya jaji yuleyule kueleza anaendeleaje. Akifanikiwa, shtaka linaondolewa au adhabu inakuwa nyepesi. Leo Marekani ina maelfu ya mahakama za namna hiyo. Kaunti ya Broward, jirani na Miami, ilianzisha ya wagonjwa wa akili mwaka 1997. Buffalo, katika jimbo la New York, ilianzisha ya wanajeshi wastaafu mwaka 2008.

Mimi navutiwa zaidi na mtaa wa Red Hook, Brooklyn, kwa kuwa ni mtaa wa bandarini, wa watu wa kipato cha chini, uliokuwa umekatwa na jiji. Mwaka 1992 mwalimu mkuu wa shule ya msingi, Patrick Daly, alitoka kumtafuta mwanafunzi wake akauawa kwa risasi za wauza dawa waliokuwa wakirushiana. Wakazi walisema imetosha. Mwaka 2000 kikafunguliwa kituo cha haki cha jamii ndani ya jengo la shule iliyokuwa imefungwa, na jaji mmoja, Alex Calabrese, akakaa pale kwa miaka mingi akisikiliza kesi za jinai, za familia na za nyumba za watu wa mtaa uleule. Tathmini iliyotolewa mwaka 2013 ilionyesha kuwa watu wazima waliopitia pale walikuwa na uwezekano wa kurudia makosa mdogo kwa asilimia 10 kuliko wenzao waliopitia mahakama za kawaida, na vijana wadogo kwa asilimia 20.

Kwa mahakama za dawa za kulevya kwa ujumla, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012 ulikusanya tathmini 154. Ukichukua watu wazima ambao kwa kawaida nusu yao wangerudia makosa, waliopitia mahakama hizo walishuka hadi kama asilimia 38. Si muujiza, maana theluthi nzima na zaidi bado walirudi. Na kwa vijana wadogo punguzo lilikuwa dogo zaidi. Nayataja haya ili mtu asije akawaahidi kwamba tutamaliza wizi Mwanza.

Lipo jambo moja katika tafiti hizo ambalo kila nikilikumbuka nikiwa kwenye benchi linanichoma. Watafiti waliona kuwa mahakama ambazo jaji huzungumza na kila mtu kwa wastani wa dakika tatu au zaidi zilifanikiwa zaidi kuliko zile ambazo jaji hupitisha majina haraka. Dakika tatu. Umelala wapi wiki hii? Dawa umekunywa kila siku? Mama amekuruhusu kurudi nyumbani? Jumanne ulikosa kliniki, ilikuwaje? Hapa kwetu kesi inapotajwa, karani anaita jina, mwendesha mashtaka anasema upelelezi unaendelea, hakimu anapanga tarehe, mshtakiwa anarudishwa chini. Mtu anaweza kuletwa mahakamani mara nyingi asiulizwe hata swali moja linalohusu maisha yake. Siwalaumu mahakimu, rundo la majalada lililo mbele yao nimeliona. Ndiyo maana naomba siku yenye majalada machache, ambayo kuzungumza na mshtakiwa ndiyo kazi yenyewe.

Na ndiyo maana nasisitiza hakimu awe yuleyule. Mraibu ni hodari wa kueleza habari zake upya kwa kila mtu mpya. Kwa anayemjua tangu mwanzo hawezi. Na hata upande wa pili, mtu ambaye ndugu wamemkata, akigundua kuna mheshimiwa anayekumbuka jina la mtoto wake, anaanza kuogopa kumwangusha. Uhamisho wa watumishi naujua ulivyo, lakini Jaji Mkuu akiamua kwamba hakimu wa siku hii atakaa Mwanza angalau miaka mitatu, jambo hilo linawezekana.

Siku hiyo ingekwendaje? Asubuhi, kabla ya mahakama kuanza, wakutane mezani hakimu, wakili wa Serikali, anayemtetea mshtakiwa, afisa ustawi wa jamii, afisa wa huduma za uangalizi na mtu wa kliniki. Wapitie jina moja baada ya jingine: nani amehudhuria, nani ameanguka, nani amepata kazi ya kuparua samaki na anahitaji saa za kliniki zibadilishwe. Kisha mahakama ikae, na kila mtu azungumze na hakimu mwenyewe. Aliyefanya vizuri aambiwe hadharani kwamba amefanya vizuri. Aliyeteleza apewe hatua ndogo ya haraka, kama kuripoti mara mbili kwa wiki badala ya moja au kufanya usafi siku kadhaa katika mwalo wa Kirumba, badala ya kusubiri makosa yajae ndipo atupwe ndani.

Zana za kisheria zipo. Kanuni ya Adhabu inaruhusu mahakama kumwachia mtu kwa masharti. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu huduma badala ya kifungo kwa makosa yasiyozidi kifungo cha miaka mitatu. Sheria ya uangalizi wa wahalifu ipo tangu miaka ya 1940. Mkurugenzi wa Mashtaka ana mamlaka ya kuondoa shauri. Jengo pia lipo: Kituo Jumuishi cha Mwanza ni kimojawapo cha vile sita vilivyozinduliwa Oktoba 2021, na kilijengwa mahsusi ili ngazi mbalimbali za mahakama na wadau wake wakae chini ya paa moja. Hata basi la mahakama inayotembea, mwaka 2019 lilianzia Dar es Salaam na hapa Mwanza. Mkoa huu umezoea kujaribiwa mambo mapya ya Mahakama na haukuwaangusha.

Sasa niseme ninachokiogopa, maana mpango huu ukifanywa vibaya utaumiza watu walewale ninaowaombea.

Naogopa kukiri kwa kulazimishwa. Katika sehemu nyingi za Marekani mshtakiwa alitakiwa akiri kosa kwanza ndipo apate matibabu, na aliyeshindwa njiani akajikuta na adhabu nzito kuliko kama angekwenda kwenye kesi ya kawaida. Hapa isiwe hivyo. Mtu aingie akiwa ametulia, arosto imepita, akiwa ameshauriwa na mtu wa upande wake, na akishindwa arudi kwenye kesi yake akiwa na haki zote alizokuwa nazo mwanzo. Alichosema kwa daktari au kwa hakimu wakati wa matibabu kisitumike kumtia hatiani. Na muda wa kusimamiwa usizidi adhabu ambayo angeipata kwa kosa lenyewe. Haiwezekani mtu wa sufuria mbili akafuatiliwa miaka miwili.

Naogopa hakimu kugeuka daktari. Kwa miaka mingi baadhi ya mahakama za Marekani ziliwakataza watu kutumia methadoni, zikisema ni kubadilisha dawa moja kwa nyingine, mpaka mwaka 2015 serikali kuu ilipotangaza kuwa mahakama inayopokea fedha zake haiwezi kumkatalia mtu dawa aliyoandikiwa. Dawa gani, kiasi gani, kwa muda gani, hayo ni ya kliniki. Na kuteleza ni sehemu ya ugonjwa huu. Anayemfunga mtu kwa kuteleza mara moja bado hajauelewa.

Naogopa kuchaguliwa kwa wale rahisi. Kila mradi unapenda kuonyesha wahitimu, na njia fupi ya kupata wahitimu ni kuchukua kijana wa kosa la kwanza aliyevuta bangi mara mbili. Huyo hahitaji kusimamiwa kila wiki; utafiti unaonyesha kumbana mtu wa namna hiyo kunaweza kumharibu. Aonywe aende nyumbani. Siku hii ni ya yule aliyeshindikana, ambaye askari wa zamu anamjua kwa jina la utani.

Na naogopa kamatakamata. Isije ikawa askari anazoa watu vijiweni Igogo na Mabatini kwa kosa la uzururaji halafu anasema anawapeleka wakatibiwe. Anayetaka matibabu bila kuwa na kesi, njia yake ni kliniki na nyumba za upataji nafuu, si kizimba.

Kuhusu wanawake nitasema kwa kifupi, ingawa yanastahili barua yao wenyewe. Wanawake wanaotumia unga ni wachache kwenye kliniki kuliko walivyo mitaani, kwa sababu ya aibu, kwa sababu ya watoto, na kwa sababu wengine wanaishi na mwanamume anayewapa kete. Wapangiwe saa yao peke yao, na awepo mtu wa kushika mtoto.

Wagonjwa wa akili wana shida ya aina nyingine. Kwa sheria ilivyo, mshtakiwa anayedaiwa kutokuwa na akili timamu wakati wa kosa hupelekwa kuchunguzwa katika taasisi ya wagonjwa wa akili ya Isanga, Dodoma, takriban kilomita 700 kutoka hapa. Kwa kesi ya mauaji naelewa. Lakini kwa kuvunja kioo au kumtukana diwani, kumsafirisha mtu umbali huo, asubiri nafasi, asubiri ripoti, arudishwe, ni kumfunga bila kumhukumu. Hapa Mwanza, Hospitali ya Bugando ina wataalamu wa afya ya akili. Kwa makosa madogo, mtu awaone hapahapa, aanze dawa, na ndugu zake wa Usagara au Kisesa waweze kuja kumtazama.

Halafu kuna ziwa, na hapa naomba sana wasikilizwe watu wa huku kabla ratiba haijapangwa Dar es Salaam au Dodoma. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka wanapumzika. Mvuvi wa Kome au Ukerewe ukimwambia aripoti Mwanza kila Jumatatu, katika siku za giza atachagua mtumbwi, na hati ya kumkamata itatoka. Mkimpangia aripoti katika siku za mbalamwezi, anakuja. Na kwa kuwa siku hizo ndizo hela inaposhikwa mkononi na gongo linaponywewa, ndizo hasa anazohitaji kuonana na mtu. Kalenda ya siku hii ya mahakama ifuate mwezi kwa wavuvi, na wale wa visiwani waruhusiwe kuzungumza na hakimu kwa njia ya video kutoka mahakama ya wilaya iliyo karibu nao. Teknolojia hiyo Mahakama ya Tanzania inaitumia tayari.

Najua mtaulizwa kuhusu walioibiwa. Ni haki waulizwe. Yule mama ntilie wa Mwaloni hana muda wa kusikia habari za ubongo na uraibu. Kesho yake alikosa cha kupikia na wateja wakaenda kwa jirani. Awepo kwenye mpango tangu mwanzo. Alipwe sufuria zake kwa awamu kutoka kwenye kazi atakayofanya kijana, aelezwe maendeleo ya shauri, na akitaka kumwambia kijana yule usoni alichomfanyia, apewe nafasi. Wengi niliozungumza nao hawana hamu ya kumwona mtu akioza jela. Wanataka asirudi tena usiku.

Na akirudi tena na tena, kinachofuata mitaani kwetu mnakijua. Magazeti yanawaita wananchi wenye hasira kali. Mtu anayejulikana kuwa mwizi, ambaye kila akipelekwa polisi anaonekana tena mtaani, siku moja anakamatwa na matairi yako tayari. Wanaofanya hivyo wanasema sheria imeshindwa. Hawana haki ya kuua, hata kidogo, na lazima washtakiwe. Lakini hakuna anayeweza kuwaambia kwa uso mkavu kwamba utaratibu wa sasa unazuia mtu kurudia. Kijana yule anahitaji kutibiwa ili jirani awe salama, na pia ili yeye mwenyewe awe salama mbele ya jirani.

Mtasema bajeti. Gharama ya mtu huyu tunailipa tayari: chakula cha gerezani, mafuta ya karandinga, mshahara wa hakimu anayeahirisha, muda wa shahidi, kitanda cha wodi ya majeruhi. Kwa miaka mingi karibu nusu ya waliomo katika magereza yetu wamekuwa mahabusu, watu ambao hawajahukumiwa. Tume ya kuangalia taasisi za haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake Julai 2023 baada ya kusikiliza wananchi nchi nzima. Msongamano na ucheleweshaji vilikuwa miongoni mwa vilio. Siku moja ya wiki Mwanza ni hatua ndogo ya kujibu vilio hivyo.

Naomba ijaribiwe kwa mwaka mmoja. Mkurugenzi wa Mashtaka atoe mwongozo wa makosa yatakayoingia na yasiyoingia. Wauzaji wakubwa, ubakaji na silaha vibaki nje. Jeshi la Polisi liwekewe utaratibu wa kumpeleka kliniki mtu aliye kwenye methadoni siku ileile anayokamatwa, hata kama ni Jumamosi. Hili la mwisho haliwezi kusubiri mahakama yoyote. Mkuu wa Mkoa anaweza kuwaita mezani Kamanda wa Polisi na Mganga Mkuu wa Mkoa wiki hii. Na tangu siku ya kwanza ihesabiwe: walioingia, waliomaliza, walioshindwa, waliokamatwa tena, waliokufa. Matokeo yasomwe hadharani katika Wiki ya Sheria, mazuri au mabaya, na sisi wa mabenchini tuwepo tuyasikie.

Wasaidizi wa kisheria wa Nyamagana na Ilemela tunaweza kupangiana zamu ili kila mshtakiwa wa siku hiyo awe na mtu wa kumwelewesha kabla hajaombwa kukubali chochote. Majina yetu na namba zetu zipo kwa msajili wa wasaidizi wa kisheria wa wilaya. Mkituita, hata kwa taarifa ya siku moja, tutakuja.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Msaidizi wa kisheria
Igogo, Mwanza